Saa Haina Mjomba

Miaka thelathini na moja nimekaa mizanini,
kiwanda cha sukari, Ingham, kaskazini mwa Queensland,
nikipima mabehewa ya miwa yanavyoingia:
uzito wote, toa uzito wa behewa tupu,
kinachobaki ndicho muwa.
Ukiizoea kazi hiyo, hata maneno ya watu
unayatoa behewa kwanza.

Ndiyo maana nina daftari.
Ijumaa usiku, raga ya ligi:
nani kakimbia mita ngapi, nani kadondosha mpira,
nani kakaba, na nani kakwepa kukaba
akijifanya anafunga kamba ya kiatu.
Jumapili naligeuza daftari, naanzia nyuma:
magari,
mzunguko kwa mzunguko, tairi laini, tairi ngumu,
sekunde na vijukuu vyake.

Nayapenda magari kwa kuwa saa haina mjomba.
Ukichelewa, umechelewa,
hakuna wa kukusemea.
Raga huhesabiwa na watu,
na watu hupiga chafya.

Julai, ugenini, Mackay,
Rohan, mtoto wa dada yangu Nives,
jezi namba kumi na mbili,
alikaba mara arobaini na mbili.
Orodha ya ligi ikatoka Jumamosi: arobaini na moja.

Nikaandika barua. Barua hasa, na stempu.
Nikawatajia dakika, ya sabini na tatu,
mita kumi kutoka mstari wetu,
na yule jamaa wao mwenye shingo kama kisiki.
Jibu lilikuwa mstari mmoja na nusu:
mpira ulikwisha dondoka, refa alikwisha puliza,
kilichofanyika baada ya filimbi
hakina safu.

Hakina safu.
Na goti lilivunjika baada ya filimbi.
Nives, anayefuma soksi mechi nzima bila kuinua macho,
aliinua macho.

Mimi huandika kwa wino.
Penseli ni ya mtu aliyepanga kukana.
Basi ukurasa ule ukakaa wazi kwenye jina lake,
na Jumapili yake magari yakazunguka, yakazunguka,
mtu akashinda, akamwagiwa povu,
sikuandika hata duara moja.

Septemba akaja kwangu na magongo yake,
amenenepa kidogo, ndevu hazijui zielekee wapi.
"Mjomba, leta ile saa."
Kutoka mlango wa jikoni hadi sanduku la barua, na kurudi:
changarawe, kipande cha nyasi,
mbwa wa jirani akitoa maoni.
Dakika nne, sekunde kumi na moja.
Akalalamika kuwa nimebonyeza mapema.
Nikamwambia, saa haina mjomba.
"Haina," akasema, akihema. "Mimi ninaye."

Nilijifanya natafuta kalamu.

Alhamisi, dakika nne na sekunde tano.
Jumamosi alisimama bombani kunywa maji,
sekunde kumi na nne, kama gari
lililoingia kubadilisha matairi;
nikaiandika hiyo pia, kando, kwa herufi ndogo.
Jumatatu gongo moja. Polepole kuliko Alhamisi,
na hakuna aliyelalamika.

Jana Nives akalichukua daftari,
yeye ambaye hajawahi kulishika,
akapitisha kidole chini, chini, kikasimama.
"Jumatano iko wapi?"
Nikasema, Jumatano ilinyesha, hakutembea.
"Alitoka hadi ngazi ya pili," akasema,
"akatazama mvua, akarudi ndani.
Nilikuwa dirishani."
Nikasema, dada, ngazi mbili hazina safu.

Hakunijibu. Alinisukumia rula.